Mahari ya Mwalimu wa Ngumbaru

Kiingereza changu nilifundishwa na mwanamke ambaye naye alikuwa amekiazima. Ndiyo maana mpaka leo nasema "eskul" na "espun", na wote tuliopita mikononi mwake katika ile shule ya ngumbaru tunasema hivyo hivyo. Mtu akitupata soko la Kapkatet tukijaribu hicho Kiingereza chetu atadhani kuna kabila jipya limehamia Bureti. Watoto wa siku hizi wamejaribu kunirekebisha. Nimewaambia waniachie, huo ndio urithi wangu.

Alikuja mwanzoni mwa miaka ya tisini, ametumwa na kikundi cha kanisa kufundisha watu wazima tuliokosa shule. Sisi tulikuwa tumejiandaa kumpokea mzungu. Tulifagia ukumbi wa kanisa mpaka sakafu ikapungua unene, tukafundishwa wimbo, na katekista akavaa tai. Gari likasimama, akashuka mwanamke mweusi kuliko mimi, mwenye nywele za kujaza mlango na pengo zuri katikati ya meno. Tukaendelea kungoja mzungu ashuke. Dereva akafunga gari. Ndipo katekista akaelewa, akaanzisha wimbo kwa sauti ya mtu aliyeibiwa.

Tukamwita Madam, kama kila mwalimu. Swali la kwanza darasani halikuhusu herufi. Mzee mmoja wa benchi la nyuma aliuliza Madam ni kabila gani. Alifikiri sana, kisha akatueleza kwa Kiswahili chake cha kitabuni kwamba nyanya za nyanya zake walibebwa kutoka Afrika kwa pingu na hakuna aliyewauliza kabila. Yeye alizaliwa kando ya mto nchini Kolombia, mahali ambapo watu ni weusi kama sisi na lugha yao ni Kihispania. Mama yake akamhamishia New York akiwa msichana, kufagia ofisi za wenyewe. Huko weupe walimwambia wewe ni mweusi, weusi wakamwambia wewe ni Mhispania, na Wahispania wakamtazama ngozi wakasema huyu si wetu.

"Kila mlango niligonga," akasema, "waliniambia nyumba yako ni ile ingine."

Hiyo nyumba ingine sisi tuliijua. Nusu ya darasa tulikuwa watu wa kambi ya chai. Wazazi wangu walitoka Kisii kuja kuchuma majani upande huu wa Boito. Mimi nilizaliwa hapa, nikabatizwa hapa, nikaumwa na kila mbwa wa hapa. Na bado miaka ile, fujo za kikabila zilipoanza, vijana walitusimamisha njiani wakatuita madoadoa, yaani wageni wanaochafua nchi ya wenyewe, wakatuambia turudi tulikotoka. Mimi nilitoka nyumba ya nne, mstari wa pili, karibu na choo. Ningerudi wapi tena?

Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, na kikapu changu cha majani ya chai kikijaa kilikuwa na uzito wa ndama. Naongeza kidogo, lakini ndama mchanga. Nilimpenda Madam. Hilo nalisema bila kulipamba, ingawa kupamba ndiyo kazi yangu: nilimpenda jinsi wasichana wenzangu walivyompenda dereva wa trekta, mpaka nikawa nanyoosha leso kwa chupa ya maji moto kabla ya kwenda kusoma silabi. Nilidhani ni ugonjwa wangu peke yangu duniani. Yeye ndiye aliyesema kwanza. Tulikuwa tukipangusa ubao, wengine wameshatoka. Alisema kwao aliwahi kumpenda mwanamke, na mama yake akamwekea viatu nje ya mlango, na tangu hapo amekuwa akitembea. Akaniuliza kama nimeelewa. Nikamwambia Kiingereza hicho nimekielewa chote, na kwa kweli kilikuwa cha kwanza kukielewa chote.

Basi tukawa na siri, na siri katika kambi ya chai ni kama kuficha ng'ombe chini ya kitanda. Tulishikana mikono njiani, jambo ambalo wanawake wote hufanya, na hakuna aliyegeuza shingo. Zaidi ya hapo tulikuwa na dakika zile za kupangusa ubao. Huo ubao uling'aa kuliko kioo cha askofu.

Sasa, maji. Katika zile fujo mtu alikata bomba la kambi na hakuna fundi aliyethubutu kuja. Ilitubidi tuteremke kwenye chemchemi bondeni, ng'ambo ya mpaka wa shamba la kampuni, na vijana wakakaa kwenye kijia wakipiga mitungi yetu mateke. Mama yangu alirudi siku moja na mtungi uliopasuka. Jioni hiyo Madam hakufundisha. Alituambia kwamba kule mtoni kwao, wenye nguvu walipotaka kuwafukuza watu weusi ili wachukue ardhi, hakuna aliyekwenda mtoni peke yake. Kila mmoja alikwenda na mtu ambaye hao wenye kutisha wangeona haya kumpiga. Na sisi tutafute wa kuonewa haya.

Tukazunguka yeye na mimi, nyumba kwa nyumba za wenyeji wa Kipsigis, yeye akiongea na mimi nikitafsiri, nikiongeza chumvi pale alipoisahau. Wanawake walitupa chai, walitupa kiti, wakatuambia waume zao hawako. Hata waume waliokuwa wameketi pale walituambia hawako. Mwisho tukafika kwa mjane mmoja ambaye chemchemi ilikuwa chini ya shamba lake. Wote tulimwita Kogo, yaani nyanya. Alikuwa na chai yake, ng'ombe wake, binti zake wote wameolewa mbali, na hakuna mtoto wa kiume hata mmoja. Alitusikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua mtungi wake akauliza ni nani anatembea na yeye.

Nilitembea naye mimi. Pale kwenye kijia vijana wakasimama. Kogo akamkaribia yule mkubwa wao, akamtazama kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha.

"Wewe nilikushika siku ulizaliwa," akamwambia. "Ulitoka matako mbele. Mama yako alilia siku mbili. Toka kwa njia."

Akatoka. Nasikia mpaka leo anaitwa jina linalohusiana na hayo, lakini nimeahidi kutotaja majina. Kesho yake wanawake wengine watatu wenyeji wakaja, na baada ya wiki kijia chote kilikuwa wawili wawili, Mkipsigis na doadoa, Mkipsigis na doadoa, kama shanga. Madam naye alikuja na mtungi. Hakujua kuubeba. Lakini kufunga alijifunza haraka, na kila asubuhi alinifunga mtungi mgongoni na kukaza kamba kwenye paji la uso wangu.

Ni katika kutembea huko Kogo aliniambia neno lake. Alianza mbali, kama wazee wote: nyumba yake haina nguzo, shemeji zake wameanza kupima shamba kwa macho, akifa moto wake utazimwa kabla majivu hayajapoa. Kisha akasimama katikati ya kijia, maji yakimtiririkia shingoni.

"Nataka kukuoa," akasema.

Asiyejua desturi za huku asidondoshe kitabu. Mjane asiye na mtoto wa kiume aliweza kuoa mwanamke kwa mahari, mchana kweupe, wazee wakiwepo. Yeye anakuwa mume wa nyumba. Mke anajichagulia mwanamume wa kumpa watoto, na watoto hao ni wa nyumba ile na shamba ni lao. Kwetu Kisii mambo hayo yapo pia. Kogo alinieleza yote hayo, kisha akaongeza lile aliloliweka mwisho makusudi: nikiwa mke wake, hakuna mdomo utakaoniambia nirudi kwetu, kwa maana kwetu kutakuwa kwake.

Baba aliposikia alikaa chini kwenye nyasi mbichi. Maisha yake yote alikuwa amechuma majani ya ardhi ambayo si yake, na sasa binti yake angezikwa kwake. Mama alianza kuimba na hakuacha mpaka Jumapili.

Nilimweleza Madam tukipangusa ubao. Alidhani Kiingereza changu kimeniangusha. Wanawake wawili? Na majirani wanakuja? Na wanakula? Alikalia dawati, akacheka, akafunika uso, na alipoufunua ulikuwa umelowa. Ikabidi nimpunguzie furaha. Nikamwambia hakuna kitanda katika jambo hili, ni la kutafuta wana wa kurithi, na kuna mwanamume atakayekuja kwangu, na mimi mwili wangu ukimfikiria huyo mwanamume unafunga kama mlango wa posta saa kumi na moja. Kisha nikatafuta mzaha, maana huzuni sijaizoea. Nikamwambia kama ningekuwa mzee, nina shamba na ng'ombe, ningemwoa yeye, kwaya ikiimba, na katekista akivaa ile tai yake.

Hakucheka.

"Ng'ombe wangapi?" akauliza.

"Sita," nikasema. "Na kwa vile umesoma, kondoo juu."

"Sita," akarudia polepole, jinsi alivyotufanya tulirudie neno jipya. Akanishika mkono, na chaki ikabaki kwenye vidole vyangu. Sikunawa mkono huo mpaka ugali ukanilazimisha.

Mlango ulikuwapo, hilo ndilo lililoniuma. Watu wa milima hii walikuwa na mlango wa mwanamke kuoa mwanamke tangu zamani za zamani, na hawakumficha mtu. Lakini uliwafungukia wenye ardhi, na sisi wawili hatukuwa na ardhi ya kujaza kisahani.

Haukupita muda wakubwa wake waliomtuma wakamwita arudi. Waliandikiwa na mtu kwamba mwalimu wao anachochea. Alinieleza habari hiyo kwenye kijia, akinifunga mtungi. Nilingoja aniambie twende. Alijua sina pasipoti na mimi nilijua anajua, lakini moyo si ofisi ya uhamiaji, unangoja tu.

"Mkubali Kogo," akasema badala yake. "Utakuwa na mahali pa kusimama. Mimi nimetafuta hapo maisha yangu yote. Wewe umepewa, usikatae kwa ajili yangu."

Akaondoka mvua ikiwa imesimama kama ukuta. Darasa lilimwimbia ule wimbo wa kumpokea, kwa sababu hatukuwa tumefundishwa wa kumuaga. Gari lilipokata kona mimi ndiye pekee niliyekuwa nikicheka, kwa sauti, kama mtu aliyekanyagwa, na mama akaniondoa pale akisema nimepigwa na baridi.

Kogo alinipa muda wa kulia, kisha akaniita. Jikoni kwake palikuwa na moto mdogo, akanimiminia mursik, yale maziwa yao ya kibuyu yenye majivu ya mti. Nilikuwa nimepanga maneno ya kuzunguka. Yakanikimbia yote.

"Kogo, mimi siwezi mwanamume," nikasema. "Si mmoja, wote. Na moyo wangu umeshaenda."

Akachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

"Umeenda na yule mweusi wa mbali."

"Ndiyo."

"Nilijua. Alikuwa anakukaza kamba, halafu anakaza tena, na kamba haikuwa imelegea." Akaweka kibuyu chini. "Sasa nyumba yangu itafanya nini?"

Nilikuwa nimekataa ardhi, na lile kaburi la kwangu alilolitamani baba, na moto wa mwanamke aliyesimama mbele yangu kwenye kijia wakati watu wangu mwenyewe walikuwa wamejificha. Niliinuka kuondoka. Akanijazia kikombe tena.

"Kunywa," akasema. "Kesho maji ni mapema."

Na kesho yake alikuwa pale na mtungi wake, akatembea nami, na siku zilizofuata, mpaka bomba likatengenezwa. Hata baada ya hapo tuliendelea, tukisema ya bomba yana ladha ya chuma.

Mwaka uliofuata alioa msichana mtulivu kutoka upande wa Kapkatet. Nilicheza kwenye sherehe hiyo mpaka nyasi zikakataa kuota tena, na mtu angenitazama vizuri angeona nacheza nikiangalia njia. Baba hakuja. Alipopata tena sauti ya kuongea na mimi, aliongea habari za mvua. Barua za Madam zilikuja, za mwisho kutoka New York, ambako alikuwa akiandamana na wafagizi wenzake wasio na vibali. Aliniuliza kama nina mahali pa kusimama. Nilimjibu ndiyo. Kisha akahama nyumba, au barua zikahama, sijui.

Mke wa Kogo alipozaa mtoto wa kiume, Kogo alinituma zizini nimtolee mtamba mwekundu. Nikamtoa. Akaniambia nimshike vizuri, ni wangu. Nilidhani ni shukrani ya kutembea, nikaanza kukataa kwa adabu.

"Kila mtu anayetaka kuoa," akasema, "anaanza na mmoja."

Akarudi ndani kwa mtoto. Aliniruhusu nimlishe kwenye shamba lake, kwa kuwa langu bado ni lile la kisahani. Yule mtamba amezaa vizuri kuliko serikali ilivyojenga barabara. Watu wa kambi huniuliza mbona siuzi nikajinunulia bati, mwanamke mzima na ng'ombe wote hao bila bwana. Nawaambia wana kazi.

Kabla miaka ya tisini haijaisha alizaliwa ng'ombe wa sita, asubuhi ya ukungu, matako mbele kama yule kijana wa kijiani, na Kogo ndiye aliyemvuta. Mama yake alipokwisha kumlamba nilimwinamia sikioni, nikamwambia kwa kile Kiingereza changu cha kuazima kwamba tumetimia. Kogo aliuliza nimemwambia nini. Nikasema nimemwambia abaki hapo hapo. Kisha nikatazama juu, ile barabara ya kutoka Boito iliyomchukua Madam, ilikuwa tupu hadi mwisho, na nikamfungia Kogo mtungi wake. Nikaikaza kamba, halafu nikaikaza tena.