Kinu Kilichopasuka Ghafla

Majani ya sombe, yale ya muhogo, yakipigwa mchi kwa mara ya kwanza yana harufu yao peke yao: ya kijani, kali kidogo, kama mvua iliyonyeshea chuma. Juzi niliisikia pale sokoni Kavimvira, nikiwa katikati ya kubishana na mwanamke mmoja juu ya vitunguu vyake. Nilikuwa nimekwisha kumshusha bei mara mbili na mara ya tatu ilikuwa njiani, ndipo nyuma yake binti fulani akaanza kutwanga. Nikasahau bei niliyoitaja. Nikalipa alichosema. Wanaonijua wanajua hilo si jambo dogo, basi nivumilieni niwaeleze harufu ile ilinipeleka wapi.

Ilinipeleka mtaani Songo, kwenye avenyu yetu, wakati nilipokuwa ndiyo kwanza nang'oka meno ya mbele. Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Ukiletewa samaki wa kukaanga, sahani utaiosha, utaifuta, kisha utaitafutia kitu: ndizi, viazi vitamu, hata limau kama siku zimekaa vibaya. Mama alikuwa akisema sahani haina miguu lakini njia ya kwao inaijua. Mimi niliziona zile sahani kama biashara, na sikuona aibu. Nilijua nani anarudisha vizuri na nani anatupunja. Mama Sifa, aliyekaa mkabala na sisi, ukimpelekea bugali na samaki wa mikeke alirudisha limau, na limau lenyewe lilikuwa la mti wetu, tawi lililovuka ua. Nilimweleza mama kwamba pale tunapata hasara. Mama akanijibu kwamba mwenye kuhesabu sana hula chakula kimepoa. Nikakila kimepoa, lakini nimekihesabu.

Ndipo akaja Mama Odeta. Alitoka kule bondeni, upande wa Ruzizi, baada ya maji kupanda mashambani. Mume wake alibaki kulinda kilichosalia. Watu wakikimbia maji hubeba godoro na sufuria. Yeye alikuja na godoro, binti yake Odeta aliyekuwa rika langu, na kinu. Kinu cha mti mweusi, kizito, kimefungwa mgongoni kwa kitenge kama mtoto. Avenyu nzima ilitoka kutazama. Alipanga chumba kimoja nyuma ya ua wetu, na jioni ileile mama alimpelekea bugali na ndagala, dagaa wetu wa ziwani, waliopikwa kwa mawese, kwenye sahani yetu ya bati yenye ua la buluu.

Sahani haikurudi.

Mwanzoni hakuna aliyesema kitu. Mgeni hupewa muda. Lakini wiki ikaisha, na nyingine ikaingia, na mahali pa sahani ile kwenye kabati pakabaki wazi kama pengo la meno yangu. Mama Odeta akaanza kupita njia ya nyuma ili asipite mlangoni petu. Odeta, ambaye tulikuwa tumeanza kuruka kamba pamoja, akawa ananiona na kuingia ndani. Pale robineni, kwenye bomba ambapo wanawake wote wa avenyu walipanga madumu yao, habari haikukawia. Mama Sifa, huyuhuyu wa limau, alisema watu wa bonde ndivyo walivyo: kwao sahani ikiingia, imeolewa.

Wanawake walicheka, nami nilicheka. Lakini maneno ya robineni yana meno. Dumu la Mama Odeta likaanza kusogezwa nyuma kila alipogeuza mgongo, mpaka maji yakakatika kabla zamu yake haijafika. Akaanza kumtuma Odeta kuchota ziwani, kwenye matete, mahali ambapo sisi tulikatazwa kwa sababu viboko walikuwa wakitoka hapo. Mwenye nyumba wake akaanza kuulizauliza amepangisha watu wa namna gani. Avenyu yetu ikikukataa haikufukuzi. Inaacha tu kukuona, na wewe mwenyewe siku moja unafunga godoro.

Asubuhi moja ya Jumamosi, mama akiwa anatwanga karanga, nikaamua kwamba mambo haya yanahitaji mtu anayejua kudai. Sikutumwa na mtu. Nilizunguka ua, nikabisha hodi, nikasema nimefuata sahani yetu.

Chumba kilikuwa safi mno, usafi wa mahali pasipo na vitu. Mama Odeta alikuwa ameketi kando ya mbabula, jiko la makaa, ambayo haikuwa na moto. Hakukasirika. Aliinuka, akanionyesha sahani juu ya sanduku, imefungwa kwenye kitambaa cheupe kama kitu cha kanisani. Ilikuwa inang'aa kuliko ilivyotoka kwetu. Nikanyoosha mkono, naye akaweka wake juu ya kitambaa.

"Iko, mama," aliniambia, kwa sauti ya mtu anayeomba muda. "Haiko na shida. Umuambie mama yako: bado."

Nilirudi nyumbani nikijivuna. Nilimweleza mama kwamba sahani ipo, haijavunjika, imefungwa kitambaa, na kwamba yule mama ni mchoyo tu, kwa maana alinizuia kwa mkono wake mwenyewe akasema bado. Mama alikuwa amenyanyua mchi. Hakuushusha. Alibaki ameushika hewani, akiniangalia kama vile mimi ndiye niliyemkosea mtu.

"Alisema bado?"

"Alisema bado."

"Na mbabula yake?"

Nikasema haikuwa na moto. Mama akashusha mchi polepole. Akachota karanga zote, nusu zimesagika, nusu nzima, akazimimina kwenye beseni. Kisha akakivingirisha kinu chetu mpaka nyuma ya jiko, akakiegemeza ukutani, akakifunika gunia. Aliporudi alikuwa na fungu kubwa la majani ya sombe tuliyoyachuma jana yake.

"Peleka kwa Mama Odeta. Umuambie kinu yetu imepasuka, anisaidie kutwanga."

"Imepasuka saa ngapi?"

"Sasa hivi."

"Lakini mama, si ulikuwa unatwan..."

"Furaha. Kinu imepasuka."

Nilienda. Na kwa kuwa sikuwahi kuuza kitu bila kukisifu, nilipofika sikusema tu kwamba kimepasuka. Nilieleza ufa ulivyoanzia chini ukapanda mpaka mdomoni, nikaonyesha kwa mikono, nikaongeza kwamba mama nusura aumie mguu. Mama Odeta alisikiliza yote. Alitazama majani, akanitazama mimi, akatazama upande wa ua wetu, ambako sasa mchi haukusikika.

"Pole yenu," akasema.

Kisha akavuta kinu chake katikati ya uwanja. Sijaona mtu akitwanga sombe vile. Mchi ulishuka bila pupa, ukipiga mahali pale ulipopaswa kupiga, na majani yakaisha nguvu yenyewe, yakawa laini kama udongo wa kufinyanga. Harufu ilijaa ua mzima. Odeta alitoka ndani, akapokea mchi, nami nikapokea kwake, na hapo katikati ya zamu zetu tukaanza tena kuzungumza, kana kwamba tuliachana jana.

Ilipokwisha, aliingia ndani akatoka na sahani yetu. Akajaza sombe mpaka ikawa kilima, akaifunika kwa jani la mgomba. Nilinyoosha mikono niibebe. Akakataa. Kutoka chumbani kwake mpaka mlangoni petu ilikuwa ni kuzunguka ua tu. Yeye akashika njia kubwa, ile inayopita robineni, sahani mbele kwa mikono miwili, kitenge amekifunga upya, nami na Odeta nyuma yake kama wasimamizi wa harusi. Wanawake wakaacha madumu, wakamtazama. Mama Sifa akaanza kufunga kifuniko cha dumu ambalo bado halijajaa.

Mama alimpokea nje, kwa mikono miwili, akasema asante kwa sauti ambayo hata mtu wa mtaa wa Nyamianda angeisikia. Jioni ile tulikula sombe laini ambayo, ndipo nikajua, mama yangu hawezi kuitwanga.

Juma lililofuata Mama Sifa mwenyewe alipeleka majani yake, akisema kinu chake kimekuwa kidogo. Akafuata mwingine, na mwingine, na hakuna aliyepeleka bila kumwachia kitu. Dumu la Mama Odeta likarudi kwenye nafasi yake. Odeta akaacha kwenda kwenye matete.

Waliopata tabu ni sisi. Uongo wa mama ulikuwa mzuri, lakini ulikuwa wa kudumu. Kinu kilichopasuka hakiponi, na mchi una sauti. Ungelia mara moja tu, avenyu yote ingejua. Kwa hiyo kinu kizima, kizuri, alichopewa mama na bibi yangu, kilikaa nyuma ya jiko mpaka kuku akaanza kutagia ndani. Karanga tulizisaga kwa jiwe. Baba aliuliza mara moja, mama akamjibu kwamba mayai nayo ni chakula. Nilihesabu hasara ile, nikairudia kuihesabu, na kila mara niliona mama yangu amefanya biashara mbaya kuliko ya limau.

Maji yalipopungua huko bondeni, mume wa Mama Odeta alikuja kuwachukua. Siku ya kuondoka, Mama Odeta alikuja kwetu amekifunga kinu mgongoni kama siku aliyofika. Akakishusha miguuni pa mama. Akasema anamwachia.

"Na weye utatwanga na nini?" mama akauliza.

"Nitapata ingine. Yenu si ilipasuka?"

Mama akatazama chini.

"Mama Furaha," yule mama akasema taratibu, "siku ile minye nilikuwa nasikia unatwanga mpaka mutoto anaingia kwangu. Alitoka, ukanyamaza, akarudi na majani. Nikajiuliza, ni kinu gani inangojaka mutoto afike nyumbani ndiyo ipasuke?"

Mama alijaribu kukaza uso, akashindwa. Walicheka mpaka wakaketi chini, wameshikana mabega, kisha kicheko kikageuka kitu kingine nami nikapelekwa nje kuangalia kama gari limefika.

Nilikuwa mtu mzima nilipoielewa siku ile. Miaka yote nilidhani mtoaji alikuwa mmoja. Mama alikuwa ameona kwamba mtu aliyepewa asipopata nafasi ya kutoa hugeuka mdaiwa wa kila anayempita, basi akamtengenezea nafasi kwa kujifanya mhitaji. Lakini yule mwenzake alijua tangu dakika ya kwanza, na badala ya kuona aibu alisema pole yenu, akashika mchi. Kukubali kusaidiwa bila kumuumbua anayekusaidia, hiyo nayo si kutoa? Nimeipiga hesabu hiyo pande zote mbili, na sijui nani alibaki anamdai mwenzake.

Siku hizi ninafanya biashara yangu mpakani, na bei zangu si za huruma, ulizeni. Ila mtu akihamia jirani yangu, simpelekei sahani siku ya kwanza. Ninabisha hodi, ninaomba chumvi kidogo. Anatafuta, anapata, ananifungia kwenye karatasi, na uso wake unakuwa uso wa mtu mwenye nyumba. Wifi yangu anasema nimekuwa ombaomba uzeeni.

Nyumbani chumvi ninayo. Inatosha mwaka.