Lobelia ya Hai Cinema

Atong hakuweza kupita karibu na mmea asioujua bila kukwanyua jani. Alilivunja, akalinusa, akatazama linatoa nini kwenye kikonyo. Majirani wa Hai Cinema, mtaa wa mjini Juba, walimwona kama mtu mwenye kasoro kidogo, lakini tabia hiyo aliitoa Limuru, kwenye baridi ya Kenya, alikokulia ukimbizini na kufanya kazi katika kitalu cha miche. Mwenye kitalu alikuwa na lobelia kubwa, zile zinazofanana na kabichi iliyopandishwa juu ya mlingoti. Lobelia ya namna hiyo hukaa miaka bila haraka, kisha hutoa mkuki mmoja wa maua mrefu kuliko mtu, ikafa. Atong alizipenda kuliko waridi.

Aliporudi Juba, mwaka wa tatu tangu mkataba wa amani, alipata kazi ya kutunza maua katika hoteli moja ya mahema kando ya mto. Ila uani kwake alitaka lobelia.

"Wewe mtu ya Kenya bwana," Namukasa, Mganda mwenye mgahawa upande wa pili wa ua wa matete, alimwambia. "Hiyo mti ya baridi. Hapa hata mimi iko naiva."

"Auntie, mimi si wa Kenya. Mimi ni wa hapa."

"Kama wewe ya hapa, panda muhogo."

Namukasa alitania tu, lakini maneno yalimkaa moyoni. Sokoni Konyo Konyo, Kiarabu chake cha kubabaisha kilimfanya auziwe nyanya kwa bei ya wageni, yeye aliyezaliwa nchi hii. Ndiyo maana siku Duop, mteja wa Namukasa, alipomwambia ameuona mmea huo kwenye milima ya Imatong, ndani ya nchi hii hii, Atong alisahau chai yake mpaka ikapoa.

Duop aliendesha lori la kampuni ya kutegua mabomu, na kila alipokuwa mjini alikula kwa Namukasa. Atong alimchorea mmea mchangani kwa kijiti, majani na mkuki wake.

"Huo huo," Duop alisema. "Juu kabisa, kando ya kijito. Kule asubuhi unatetemeka kama mwizi."

"Niletee mbegu, ndugu yangu. Chuma vitumba vilivyokauka, uvikung'ute."

"Mti mkubwa hivyo, mbegu yake si itakuwa kama nazi?"

"Ni vumbi. Ukipiga chafya umemaliza msitu."

Mvua zilipokuwa zinaisha Duop alirudi, akatoa mfukoni kopo lake la tumbaku na kulikabidhi kwa mikono miwili. "Sikupiga chafya," alisema.

Ilibaki kupata baridi, na katika Juba Atong aliijua sehemu moja tu. Namukasa alikuwa na ziri mbili, mitungi mikubwa ya udongo ya kuchujia maji ya kunywa, juu ya kitako cha miti chini ya kivuli. Mchana kutwa zilitoa jasho na kudondosha matone, na ukisogeza shavu karibu ungedhani mtu amefungua dirisha la Limuru. Atong aliomba nafasi hapo, akapanda lile vumbi kwenye dumu lililokatwa nusu.

Miche ilitoka. Michache ilikua mbio, mingine ikabaki vitone vya kijani visivyojaliwa. Kitaluni alifundishwa kubakiza wenye nguvu, basi alichagua mmoja, akauhamishia kwenye pipa kuukuu uani kwake na kuufunika kwa gunia bichi. Iliyobaki aliimwaga na udongo wake chini ya ziri.

Mche ulimpa raha. Majani yalipanuka kama masikio ya punda. Watu wa mtaa walikuja kuutazama, na Atong akawaambia ni mmea wa Imatong, ni wa hapa. Hilo "wa hapa" alilisema polepole, ladha yake isiishe upesi. Na yeye, mkwanyuaji wa kila jani mjini, kwenye mmea huu hakugusa hata moja. Kukwanyua kungemuuma yeye mwenyewe.

Kiangazi kilipokolea, Namukasa alinunua friji na jenereta. Ziri zingeondoka, pale pamwagwe saruji, ziwekwe meza. Mchanga ulikuwa umeshaletwa, na fundi amefika na sepetu yake, asubuhi Namukasa alipochungulia juu ya ua wa matete na kupiga vigelegele.

"Atong! Toka nje! Mti yako iko na maua!"

Duop alikuja na kikombe chake mkononi. Kileleni palikuwa na maua ya vitarumbeta, ya rangi ya waridi, vizuri kweli. Wote wawili walipiga makofi. Atong hakupiga. Lobelia haitoi ua kabla ya miaka mingi kupita, na haitoi tarumbeta. Alinyoosha mkono, akavunja jani. Lilitakiwa kutoa maziwa meupe. Lilitoa ulimbo, na harufu.

Akampelekea Duop jani puani.

Duop alinusa, akajipapasa mfuko wa shati. "Ni... tumbaku."

"Kopo uliliosha?"

"Nililikung'uta tu. Tumbaku ya kijijini huwa na mbegu zake ndani."

Namukasa alicheka mpaka akakaa juu ya gunia la makaa. "Yaani umefunika tumbaku na gunia kama mtoto ya malaria!"

Atong naye alicheka. Ilikuwa haki yao. Kisha akalitupa jani. "Ile midogo. Niliimwaga chini ya ziri."

Kicheko cha Namukasa kilikatika. "Atong, mimi jana nakwangua pale. Nasema ni majani tu."

Atong alizunguka ua mbio, akampita fundi, akalala kifudifudi chini ya kitako cha ziri. Mbele palikuwa peupe kabisa. Nyuma, kwenye mguu wa ndani wa kitako, ambako Namukasa hakufika kukwangua, matone yalikuwa yakiangukia kitu cha kijani kisichozidi kiganja cha mtoto. Majani yake yalikuwa machache, na safari hii kukwanyua kulikuwa na gharama. Alichukua ncha tu ya jani la chini kabisa, ndogo kama ukucha.

Tone jeupe likajaa, likasimama.

"Ni yenyewe?" aliuliza Namukasa, naye kapiga magoti.

"Si unaona maziwa, auntie."

Atong hakuomba chochote. Namukasa alilitazama friji lake, akautazama mchanga, akazitazama ziri zake. Halafu akamgeukia fundi. "Wewe, anzia huko barabarani. Huku usimwage kitu."

Tumbaku alipewa Duop, ambaye baadaye alilalamika kuwa ni kali mno. Ziri zilibaki zikidondosha, karibu na friji linalounguruma, na wateja hawakuelewa kwa nini. Mmoja wao, akitafuta pa kuweka kiti, aliuliza ule mmea wa chini ya ziri mama ameutoa nchi gani.

"Iko ya hapa," Namukasa alimjibu, akimsukuma kwa mwiko. "Toa mguu yako."