Soksi za Siku Arobaini

Mwezi uliopita mvua ya kwanza ya masika ilinikuta Ukunda, nimejibanza katika duka la vitambaa pamoja na watu wengine tukisubiri ipungue. Kwenye rafu ya chini kabisa, nyuma ya mapazia, niliona vibunda vya uzi wa sweta vimekaa na vumbi lake. Nikavishika. Mwenye duka akacheka. "Dada, uzi huo wa kazi gani na joto hili?" Nikanunua viwili bila kumjibu, maana jibu lake ni refu, na mimi nikianza kusimulia sijui kunyamaza. Wewe una nafasi, kaa nikueleze.

Kwetu Kinondo, masika yakiingia hata kipofu atajua. Kwanza joto linakubana mpaka kuku wanatembea midomo wazi. Kisha inakuja harufu ya udongo uliolowa, vyura wanaanza ugomvi wao, na kumbikumbi wanatoka ardhini kwa maelfu, nasi watoto tukiwa na mabeseni tayari. Nyanya alikuwa akiwakaanga kwa chumvi tu, mafuta wanayo wenyewe. Baada ya wiki moja mchunga unachipua kando ya njia, na kila jiko linanuka mboga chungu iliyotiwa nazi. Kazi zetu zilijulikana: kutega masufuria palipovuja makuti, kupalia mahindi, kuanua kuni kabla hazijalowa. Nilizichukia zote wakati huo. Leo ningezifanya bure.

Masika pia yalikuwa yakifunga hoteli za Diani. Wageni wakiondoka, wafanyakazi walirudishwa nyumbani hadi msimu ufunguke, na ndivyo tulivyompata jirani yetu mchana kutwa. Alikuwa mwanamke wa bara, mcheshi, mfuaji wa mashuka katika hoteli moja, naye alipanga chumba nyuma ya ua wetu. Alimwita nyanya "shosho", na kila mara nyanya alimrekebisha.

"Shosho ni huko kwenu kwenye baridi. Hapa mimi ni nyanya."

"Sawa, shosho."

Walipendana sana hao wawili, ingawa ungewasikia tu kwa mbali ungedhani wana kesi.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi, na masika yalituletea ndugu yangu. Alizaliwa wa miezi saba. Hakuna kilichokuwa tayari, si kwa sababu ya miezi tu. Nyumbani kwetu haikununuliwa nguo ya mtoto ambaye hajazaliwa, ilikuwa ni kuita balaa. Waliporudi naye kutoka hospitali alikuwa mdogo kiasi kwamba nilipomwona nilishika mdomo. Muuguzi alikuwa amewaambia neno moja la kulishika: joto. Akipoteza joto tutampoteza, na joto la mtoto wa namna hiyo hutorokea kichwani na miguuni. Kofia ilipatikana. Soksi za dukani zilimvuka mara moja, kila moja ingemtosha miguu yote miwili.

Niliogopa, sikufichi. Kila nikirudi kutoka shuleni nilisimama kwanza nje ya dirisha la chumba cha mama, nisikilize kama analia, ndipo nivue viatu. Akilia nilifurahi.

Siku ya pili au ya tatu jirani aliingia na sweta yake ya kijani, aliyokuja nayo kutoka bara na ambayo tangu afike pwani ilikuwa imekunjwa chini ya godoro. Akakaa kwenye mkeka, akatafuta ncha ya uzi, akaanza kuifumua. Nyanya alishtuka kuona nguo nzima inaharibiwa.

"Shosho, huku kwenu nitaivaa lini? Wacha imfae huyu."

Nyanya akasema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Alilisema kwa sauti ya chini, na nikajua lilimtoka moyoni.

Uzi ulifuliwa, ukazungushwa kwenye mgongo wa kiti unyooke. Sindano zilikuwa spoku za baiskeli kuukuu ya mjomba, jirani amezisugua kwenye jiwe la kunolea visu mpaka zikang'aa. Alinifundisha mimi, kwa kuwa ndimi niliyeomba. Mishono yangu ya kwanza ilikaza hata sindano haikupita, ya pili ikalegea hata kuku angepita. Jirani alifumua, nikaanza tena.

Nyanya hakuomba kufundishwa. Mwanamke aliyesuka mikeka ya harusi ya nusu ya kijiji hawezi kumwambia binti wa bara "nionyeshe". Alikaa pembeni akichambua mchele, jicho moja kwenye sinia na jingine mikononi mwa jirani. Baada ya mchana wa tatu akachukua spoku mbili na kibunda chake akaenda nacho upenuni. Tulipomfuata alikuwa na kipande chembamba, upana wa vidole viwili, na kilikuwa kimeshuka kutoka mapajani pake mpaka kizingitini.

Jirani akashika kiuno. "Shosho, hiyo ni soksi au ni barabara ya Lungalunga?"

"Mkeka huanza na ukili," nyanya akajibu bila kuinua uso. "Unausuka kwanza, mrefu, pima kwa pima. Kuushona ni baadaye."

Na kweli, kilipotimia pima aliyoitaka, alikizungusha kipande kile kwenye kidole chake cha gumba, duru juu ya duru, akikishona ukingo kwa ukingo kama anavyoshona kikapu. Akaziba ncha. Ikatoka soksi, nyofu kama ala ya kisu.

"Na kisigino kiko wapi?" jirani akauliza.

"Mtoto huyu anatembea kwenda wapi hata umtafutie kisigino?"

Jirani alicheka mpaka akalala mkekani. Lakini soksi yake mwenyewe, yenye kisigino kizuri cha kufuata kanuni, ilimvuka mtoto alipopiga teke. Ya nyanya iligeukageuka mguuni ikabaki palepale. Kuanzia siku hiyo jirani naye alifuma barabara za Lungalunga.

Sijui kama nimewahi kuwa na raha kama ya michana ile. Mvua inapiga makuti, moshi wa udi unatoka chumbani kwa mama, uji wa pilipili manga unachemka kwa ajili yake nasi tunadoea ukoko wa sufuria. Hakuna aliyetutuma popote, maana mvua ilishafunga njia. Jirani alisimulia mambo ya wageni wa hotelini na mashuka yao, nyanya akasema "astaghfirullahi" na papo hapo kuuliza ikawaje. Nikiharakisha, mshono ulidondoka na safu nzima ikafunguka. Nyanya alikuwa na msemo wake, "Mkono una njia yake, usiusukume." Sijausikia kwa mtu mwingine yeyote.

Mimi nilikuwa na kazi yangu maalumu. Siku ya arobaini ndipo mama na mtoto walipotolewa nje, watu wakaja, dua ikasomwa. Nilijiapiza kwamba siku hiyo atatoka na soksi zangu, za kisigino, maana ubishi nimezaliwa nao. Kumpima mwenyewe sikuruhusiwa. Alifungwa kwenye kanga tatu kifuani pa mama na mimi nilionyeshwa uso tu. Nyanya aliniambia mguu wake ni sawa na kidole chake cha gumba, basi nikawa napima kwenye kidole hicho.

Nilipouliza, "Mtoto anaendeleaje?" nilijibiwa, "Yuko tu, alhamdulillahi." Nikiuliza kama amekua, nyanya alinikata jicho. Kwetu mtoto mchanga hasemwi kwamba amekua, wala hasifiwi, asije akapatwa na jicho baya. Mtu mzima angeelewa. Mimi niliona wananificha. Niliamini kwamba anazidi kupungua, na kwamba soksi zangu zisipowahi ile siku hataifikia. Nilifuma kabla ya shule, nilifuma baada ya chuo cha Kurani, na mara mbili nilifumua zote nikaanza upya kwa sababu ya mshono mmoja.

Nilimaliza soksi ya pili asubuhi ya arobaini yenyewe. Mvua ilikuwa imekatika na uwanja unatoa mvuke juani. Wanawake walikuwa wameshajaa upenuni. Nyanya akanipokea zile soksi, akazigeuza, akaitazama mishono yake, akaniambia, "Ingia umvishe mwenyewe."

Mama alifungua kanga. Nikaona miguu.

Nilivuta soksi. Ikafika katikati ya unyayo, ikagoma. Nikavuta tena. Ndugu yangu akanipiga teke la kifua, teke lenye nguvu, na soksi ikaruka ikaangukia kwenye chetezo cha udi. Nikaangua kilio. Siku arobaini za kazi, nami nilikuwa nimepima kidole cha mwanamke mzima ambacho hakiongezeki hata kwa nywele moja.

Nyanya aliitoa soksi kwenye majivu, akaijaribu mwenyewe. Ikagoma. Akajaribu mguu wa pili. Kisha akatoka nayo mpaka mlangoni, akaiinua juu, na yeye ambaye kwa siku arobaini hakukubali neno la kukua litamkwe, akaita kuvuka ua kwa sauti yote aliyokuwa nayo:

"Mwanangu! Njoo uone! Hazimwingii!"

Akapiga kigelegele. Wanawake wakampokea. Jirani akaja mbio na unga mikononi, anacheka na kulia pamoja, na mama akatoka nje na mtoto wake kwenye jua, miguu mitupu.

Nyanya ameshatangulia mbele ya haki. Jirani alistaafu akarudi bara, na barua zikapungua mpaka zikaisha. Upenu ule ulivunjwa tulipojenga nyumba ya matofali, na siku hizi mvua ikinyesha kila mtu yuko chumbani kwake na simu yake. Ndugu yangu anavaa viatu ambavyo mimi naviona mashua. Mimi bado nafuma kila masika, kwa ajili ya watoto wa ndugu na majirani, na mikono yangu haikosei tena vipimo. Soksi zote zinawatosha. Hakuna hata moja iliyowahi kupigiwa kigelegele.