Eda ya Meli Nyeupe

Harufu ya wanga wa muhogo chini ya pasi ya mkaa ndiyo nyumba yetu ya Quiterajo, pwani ya kaskazini ya Msumbiji. Wengine wakikumbuka kwao hukumbuka samaki au udongo wa mvua ya kwanza. Mimi nakumbuka kitambaa kibichi kinachofuka mvuke. Kila Ijumaa asubuhi bibi yangu, Bibi Somoe, alipika uji mwepesi wa wanga, akachovya kanzu nyeupe ya babu, akaianika, kisha akaipiga pasi ingali na unyevu, taratibu, mpaka ikawa ngumu kama ubao. Aliitundika kwenye msumari karibu na mlango wa uani. Haikulala ukutani kama nguo nyingine. Ilisimama, mabega yamejaa, na upepo wa baharini ukiingia, mikono yake iligonga ukuta polepole kama mtu anayebisha hodi kwa adabu. Nilikuwa nikipita mbele yake mbio. Siku moja niliona mkono mmoja umejikunja kiwikoni, kama wa mtu anayeangalia saa. Huenda ulikuwa upepo. Nilikuwa mtoto, tena mwoga, na nimesoma mpaka darasa la saba tu, kwa hiyo simlazimishi mtu aamini. Nasema nilichokiona.

Babu Nassoro alikuwa dobi wa vapori. Vapori ndizo zile meli kubwa za abiria za wakati wa Wareno, zilizotoka Ulaya zikazunguka kusini yote ya Afrika na kutia nanga Porto Amélia, mji wetu ambao leo unaitwa Pemba, siyo kile kisiwa cha Unguja na Pemba. Aliajiriwa pale, akapelekwa chini kabisa ya meli kufua mashuka ya matajiri. Bibi alinisimulia kama aliyeyaona, ingawa hakupanda hata mara moja: juu watu wanacheza muziki na kula chakula kwenye meza zenye vitambaa vilivyokunjwa kama ndege, katikati maskini wa Kireno wanaokuja kutafuta mashamba, chini babu na pasi yake. Ujuzi wa wanga aliupata huko, na kila alipokuja likizo alimfundisha mkewe. Halafu safari moja, mama yangu akiwa bado tumboni, vapori iliondoka na babu, na babu hakurudi. Wapo waliosema alishuka Ulaya akaoa. Wapo waliosema homa ilimchukua, akazikwa baharini. Shehe wa siku hizo alimwambia Bibi kwamba anaweza kuomba ndoa ivunjwe, aolewe tena. Bibi akajibu, "Mume wangu yuko kazini." Hakuolewa, wala hakukaa eda. Mjane hakuwa, na kama alikuwa mke, sijui alikuwa mke wa namna gani.

Msimu ninaouandika ni ule meli zilipoanza kujaa tena. Ilisemekana gesi imepatikana chini ya bahari, upande wa Palma, kaskazini yetu. Nyuma ya kisiwa cha Macaloe zikawa zinapita meli tusizozijua, nyingine zina mnara wa chuma katikati, nyingine zinakokota kamba ndefu majini na wavuvi wanaambiwa wakae mbali. Watu wazima walizungumza habari za kazi, nyumba za bati, barabara ya lami. Siwacheki, hata mimi niliahidiwa baiskeli. Jirani yetu Mama Fatu, ambaye mdomo wake haukuwa na breki, kila meli ilipoonekana alipaza sauti kutoka uani kwake: "Somoe we! Mumeo kaja na meli ya gesi, weka maji ya kuoga!" Bibi hakukasirika. Alikinga jua kwa kiganja, akaangalia, akasema, "Hiyo siyo. Haina madirisha."

Ndipo asubuhi moja ikaja yenye madirisha. Ilikuwa nyeupe, ghorofa juu ya ghorofa, imetulia kwenye maji bila moshi wala sauti, na kusema kweli ilinitisha kuliko zile za gesi. Ilikuwa meli ya watalii matajiri wanaozunguka dunia kwa starehe. Bibi aliitazama mpaka chai yake ikapoa. Kisha akaenda kwenye msumari, akaitoa kanzu, akailaza juu ya mikono yake miwili kama anayebeba mtoto aliyelala. "Twende," akaniambia. Tulipopita mlangoni kwa Mama Fatu, alifungua mdomo, akaiona kanzu, akaufunga.

Ufukweni maboti ya mpira yalikuwa yanashusha wazee wa Kizungu wenye kofia, na akina mama wa kijiji wakiwapigia ngoma ya tufo. Aliyetafsiri alikuwa Profesa Abílio, kwani kwetu kila mwalimu huitwa profesa, mwalimu wetu wa shule, Mmakonde wa kutoka Mueda, kijana mpole. Mama mmoja wa Kireno, kikongwe mwenye fimbo, aliisogelea kanzu, akaigusa kola na kutabasamu. Profesa akasema, "Bibi, senyora anasema mashuka ya meli yalikuwa hivi hivi. Alisafiri kwa meli hizo akiwa msichana." Bibi akataja jina la vapori. Mama yule akapiga makofi kama mtoto. Ndiyo, ndiyo hiyo hiyo! Akaanza kusimulia bwawa la kuogelea, bendi, samaki warukao. Bibi alimsikiliza kwa heshima mpaka mwisho, kisha akasema, "Muulize sasa iko wapi. Imechelewa sana."

Profesa alisita. Alipouliza, mama yule aliacha kutabasamu, akajibu kwa sauti ndogo. "Bibi," akasema Profesa, "ndege zilipoanza kubeba watu, vapori zikakosa abiria. Ile iliuzwa, ikaburutwa mpaka pwani za Asia, ikakatwa vipandevipande, vyuma chakavu. Ni zamani, mimi sijazaliwa."

"Yote?"

"Yote."

"Hata chumba cha madobi?"

Swali hilo nalo likatafsiriwa. Mama yule alitikisa kichwa. Hakujua. Alisema hakuwahi kushuka kule chini. Machozi yalimtoka, na siamini yalikuwa ya uongo. Alitugawia habari aliyokuwa nayo.

Tulirudi. Bibi alizima mkaa, akavua bangili, akaketi ndani, akasema amekaa eda. Kijiji kilicheka: Somoe anaikalia meli eda! Shehe akaja, akasimama mlangoni. "Bi Somoe, chuma hakina eda. Hatuna habari ya kifo cha mtu." Bibi akajibu kutoka ndani, "Shehe, mimi nilikuwa nangoja chombo. Chombo hakipo. Sasa atakuja na nini?" Shehe akaaga, akaenda zake. Kwa sheria nadhani alikuwa na haki, nami sina elimu ya kumpinga. Lakini Ijumaa iliyofuata alirudi na watu wakasoma hitima, na Mama Fatu ndiye aliyepika, hakutania hata mara moja. Nyumba haikunuka wanga tena. Bibi alipotoka eda alimpa Profesa kanzu ile, ingawa ni Mkristo, naye aliivaa kulalia. Nilidhani ningefurahi msumari ukiwa mtupu. Badala yake nilikuwa nikisikia ile hodi ukutani, polepole, pasipo na kitu.

Sasa naishi Pemba, kwenye chumba cha kuazima, kama wengi tuliokimbia vita vilipofika pwani yetu. Bibi alifariki kabla ya hayo, na namshukuru Mungu. Mume wangu Momade, siku tuliyokimbia, alirudi nyuma kumchukua mama yake, na hajaonekana hadi leo. Wanaonipenda wananiambia nikae eda, nipumzike. Labda ni kweli, labda mimi ndiye mkaidi. Nimejaribu kumfuata Bibi nikae eda, nimeshindwa. Yeye alikuwa na meli ya kungoja, na meli hukatwa vyuma, mtu akaja akakueleza. Momade aliondoka kwa miguu. Barabara aliyoishika ipo, inaonekana kutoka mlangoni hapa, na kila siku kuna mtu anayetokea huko. Leo ni Ijumaa. Shati la Momade bado lina unyevu wa wanga, na mkaa umeshika.