Honi Niliyoikata

Usiniambie niliota. Wameshaniambia wengi, tena watu wazima wenye akili zao, na wote niliwaangalia tu kwa sababu siwezi kuwajibu. Kisa hiki kimenipata mimi mwenyewe, mchana, nikiwa na mita ya kupimia umeme mfukoni na mafuta ya injini kwenye kucha. Nakuandikia badala ya kukusimulia kwa mdomo. Kwa nini? Soma tu, utajua.

Mimi ni fundi wa umeme wa pikipiki hapa Mikumi. Ndiyo, mwanamke. Kama umeshangaa, shangaa haraka tuendelee. Kibanda changu kiko kando ya barabara kuu, na siku zile hukuhitaji kuuliza kilipo, ulinisikia tu. Nilikuwa na sauti, ndugu yangu. Siongelei makelele. Nilikuwa naimba nikifungua betri, naimba nikichuna waya, na harusi ambayo sikwenda watu walisema imepooza. Mume wangu Salumu, dereva wa bodaboda, aliwahi kuniambia kwamba akirudi kutoka Kilosa amechoka, akanisikia kabla hajaniona, uchovu wote unamtoka. Salumu ni mtu wa maneno machache sana. Akikuambia jambo kama hilo unalishika maisha yako yote.

Sasa, kuna daraja dogo kwenye njia ya Kilosa, kabla hujafika Ulaya. Ulaya yetu hii ya mpunga, usianze kutafuta pasipoti. Kila dereva wa bodaboda akifika pale hupiga honi mara mbili. Inasemekana zamani palikuwa na bibi aliyelima karanga kando ya kijito, na hakuna kitu kilichomuudhi kama mtu kumpita bila shikamoo. Alikuwa akikuita urudi, hata uwe bwana shamba mwenye viatu vya ngozi. Bibi alishakufa siku nyingi, lakini salamu ikabaki, na honi ndiyo shikamoo yake. Hata wafugaji waliohamia huku kutoka kanda ya ziwa wanaipiga, na sidhani kama kuna aliyewaeleza sababu. Mimi nilikuwa nacheka. Salumu hakucheka. Kwa kuwa hajui kupaza sauti, alinunua honi kubwa na kuifunga moja kwa moja kwenye betri, isipitie kwenye ufunguo, ili itoke na nguvu zote.

Hapo ndipo matatizo ya betri yalipoanza. Kila asubuhi anabonyeza stata, inakohoa kidogo inanyamaza. Akipiga kiki, pikipiki inawaka na kwenda kama kawaida. Unajua pikipiki hizi ndogo, injini haihitaji betri ili itembee, na taa ya mbele inapata umeme wake injini ikizunguka. Wengi hutembea hivyo hivyo miezi na betri mfu, wakiridhika na kiki. Mume wa fundi umeme? Yaani, mimi mwenyewe fundi umeme, mume wangu anapiga kiki mbele ya majirani? Nikaichukua pikipiki nikaipima.

Betri ilikuwa karibu mpya. Nikawasha, nikavuta resi, mita ikapanda mpaka volti kumi na nne na kutulia pale, maana yake chaji inaingia vizuri, koili nzima, reguleta nzima. Kwa hiyo shida haikuwa kuingia, ilikuwa kutoka. Nikazima, nikatoa ufunguo, nikachomoa waya wa hasi na kuweka mita katikati yake na betri. Umeme ulikuwa unapita. Pikipiki imelala, na kuna kitu kinakunywa betri taratibu. Nikachomoa waya mmoja mmoja mpaka nikafika kwenye honi, mita ikarudi sifuri. Kitufe cha honi kilikuwa kimeingia maji na kutu, kikavujisha umeme usiku kucha, kidogo kiasi kwamba honi yenyewe hailii. Nilikuwa sahihi, na mpaka leo nasema nilikuwa sahihi.

Kitufe kipya sikuwa nacho. Nikakata waya wa honi, nikaufunga tepu, nikaimba wimbo mzima kwa furaha. Kesho yake stata ilishika kwa mguso mmoja.

Salumu alikaa juu ya siti, akasita. "Na pale darajani?"

"Kuna nini?"

"Nitampitaje bibi wa watu?"

"Mdomo unao," nikamwambia, "msalimie kwa mdomo."

Akatabasamu kidogo, akaondoka na abiria wake wa Ulaya. Mvua ya usiku ilikuwa imekata na milima ilikuwa imejifunika ukungu. Nilimtazama mpaka alipopinda.

Salumu hakosi chakula cha mchana nyumbani. Siku ile wali ukapoa. Nikapiga simu, haipatikani. Nikawauliza madereva wenzake kijiweni, mmoja akasema abiria wake alishashuka Ulaya tangu asubuhi na Salumu akageuza kurudi. Mimi sina mtoto, wazazi wangu walishatangulia. Salumu ndiye watu wangu wote.

Kibandani palikuwa na pikipiki moja tu inayoweza kutembea, ya mzee mmoja mfugaji, ya kubebea madumu ya maziwa. Reguleta yake ilikuwa imeungua, haichaji kabisa, lakini kwa kiki inawaka. Mzee alikuwa amekaa kwenye benchi akisubiri.

"Shikamoo baba. Naomba pikipiki yako. Mume wangu hajarudi."

"Marahaba. Chukua, mwanangu," akasema, akaangalia upande wa njia ya Kilosa. "Lakini honi haina, eti."

Nilimsikia. Niliondoka hata hivyo. Wewe ungefanyaje?

Njia ilikuwa na majani marefu pande zote, na jua lilikuwa linawaka ndani ya ukungu bila kuuondoa, kila kitu kikawa na rangi ya maziwa yaliyotiwa majani ya chai. Kadiri nilivyokaribia daraja, mlio wa injini yangu ulizidi kupungua. Nikavuta resi, ikatikisika kwa nguvu chini yangu, lakini haikutoa sauti. Ndege walikuwa wanafungua midomo kwenye matete, na sikusikia hata mmoja. Niamini, sikuogopa. Nilikuwa kama mtu aliyelala alasiri, anajua amelala, na hana haraka ya kuamka.

Salumu alikuwa amekaa kwenye ukingo wa daraja. Kando yake bibi mmoja mwembamba, khanga mbili, anabangua karanga na kumwekea kiganjani. Salumu anakula. Maganda yalikuwa yanadondoka kijitoni, na maji hayakutikisika hata kidogo. Pikipiki yake ilikuwa imesimama inawaka, taa imewashwa, gurudumu halina tope wakati mimi nimetapakaa mpaka magotini.

Nikamwita. Akanitazama kwa adabu, kama unavyomtazama mteja usiyemfahamu, kisha akarudi kwenye karanga zake. Sijawahi kuumia namna ile. Afadhali angenitukana.

"Mwache," alisema bibi. Sauti yake ilikuwa ndogo mno, ya mtu anayeongea akiwa amejifunika mdomo kwa nguo, lakini niliisikia karibu na sikio. "Kijana huyu alikuwa akinisalimu kila siku. Leo kapita kimya kwenda na kimya kurudi. Nikasema labda kachoka, nimkalishe apumzike."

Unafikiri nilifanya nini? Nilifanya ninachokijua. Nikaenda kwenye pikipiki ya Salumu, nikabandua tepu, nikachuna waya kwa meno na kuuunga palepale. Nikabonyeza honi. Kimya. Nikatoa mita nikapima betri, imejaa. Nikapima kwenye honi, umeme unafika. Kila kitu kizima na honi hailii. Katika kazi yangu yote sikuwahi kuona umeme unafika mahali halafu usifanye kitu.

"Hiyo siitaki tena," bibi akasema. "Nani aliikata?"

"Mimi."

"Basi nisalimu wewe."

Nikapiga goti. "Shikamoo bibi."

Akainamisha kichwa, asiitikie. Nikarudia, kwa nguvu zaidi. Hakuitikia. Nikasimama nikapaza sauti yangu yote, ile ya harusini, na nikaisikia ikienda bondeni juu ya mashamba, peke yake kwenye ukimya ule, nzuri kuliko nilivyowahi kuisikia. Mwangwi haukurudi. Bibi alikuwa amefumba macho, na machozi yanamtoka.

"Mwanangu," akasema, "wewe unajua ilivyo mtu kukupa shikamoo ukashindwa kumwitikia? Wanangu wote wanapita hapa wananisalimu. Mchana, usiku, mvua. Nami sauti yangu imekwisha, haifiki hata barabarani. Wataniona sina adabu."

Nilikuwa nimedhani amekasirika, kumbe alikuwa anaona aibu.

"Niachie hiyo yako," akaninong'oneza, "na mimi nikuachie huyu."

Nikamtazama Salumu. Alikuwa na ganda dogo la karanga kwenye ndevu, na macho yake hayakuwa na jina langu. Wallahi sikufikiri hata kidogo. Nikasema, "Chukua." Ndilo neno la mwisho nililolisema, na kama ningejua ningechagua lingine, pengine jina lake.

Kisha jibu likaja kutoka kwa bibi, kubwa, tamu, likajaza bonde zima: "Marahaba, mwanangu. Marahaba!" Lilikuwa langu. Ile sauti ilikuwa yangu mimi.

Papo hapo ndege wakasikika wote kwa mpigo, na injini mbili zikanguruma. Ukingoni hapakuwa na mtu zaidi ya Salumu, anajipangusa viganja kwenye suruali.

"Umefuata nini huku?" akauliza. "Nimekaa kidogo tu nipumzike. Wali umeiva?"

Nikafungua mdomo, ukatoka upepo. Nikamkumbatia katikati ya barabara, na yeye, mtu wa haya vile, akaniacha nimkumbatie.

Nimekwenda hospitali Kilosa, nimekwenda na Morogoro. Daktari ananimulika kooni, anatikisa kichwa, anasema kila kitu kizima. Najua sana maneno hayo. Kazi bado naifanya, wateja nawaandikia kwa chaki juu ya tairi, na wengine wanasema bora hivi maana zamani nilikuwa nawagombeza. Salumu siku hizi anaongea. Anaongea kwa niaba yetu wote wawili, masikini, anaeleza mambo marefu mezani yasiyo na mwisho, na mimi namcheka kimyakimya. Kitufe kipya nilimfungia wiki ileile. Betri inachaji vizuri.

Lakini madereva walianza kusema bibi wa darajani siku hizi anaitikia. Ukipiga honi mara mbili, kutoka kwenye matete inatoka "marahaba" ya mwanamke, tamu, mpaka mtu unatamani kugeuza upite tena. Nikagundua Salumu anachelewa kurudi nyumbani. Siku moja nikapanda nyuma yake bila kumuuliza. Tulipofika darajani akapunguza mwendo, akabonyeza honi, akazima injini. Ikaja ile sauti. Nilimwona kwenye kioo cha pembeni amefumba macho na kutabasamu, vile alivyokuwa akitabasamu zamani akinisikia kutoka mbali. Nilikuwa nyuma yake, mikono yangu kiunoni mwake, na niliona wivu. Umewahi kumwonea wivu mtu ambaye ni wewe mwenyewe?

Kwa hiyo nakuonya, wewe unayetumia njia ile. Betri yako ikiwa inakufa kila asubuhi, usiridhike na kiki. Pima chaji inayoingia, pima inayotoka, na ukikuta honi ndiyo inayovuja, badilisha kitufe, waya usiuguse. Ukipita darajani piga honi, ndiyo heshima. Ukiitikiwa, endelea na safari yako. Usisimame kusikiliza, hata kama inakupendeza kiasi gani. Sauti ile ina mwenyewe, na mwenyewe bado anaitaka.