Nilimwandika Mama Marehemu kwa Njia ya Pembeni

Jumanne ya kwanza baada ya Pasaka, asubuhi, mama yangu alifariki. Ijumaa tukamzika, watu ishirini na watatu. Mama aliyebeba ndizi kwenda kila msiba wa mteremko huu wa Meru, watu ishirini na watatu! Kosa ni langu.

Chama chetu cha kuzikana kina programu ya kompyuta. Aliiandika Neema, binti wa kwetu anayeishi Themi. Humo kila mwanachama ana hali yake, hai au marehemu, na hali hiyo imefichwa ndani ya klasi, kifurushi cha msimbo chenye mlango wake. Msimbo wa nje haupaswi kuigusa. Njia ni moja tu: amri ya kutangaza msiba, nayo inadai mashahidi wawili.

Mimi nilisoma kompyuta miezi mitatu Kaloleni, nikajiona fundi. Neema aliponikabidhi programu niitunze alinionya.

"Kaka, hali usiiguse kwa nje. Pita mlangoni."

"Mlango gani? Lugha yenyewe ya programu haina kufuli. Naongeza jina la klasi mbele, naingia."

"Hata mwizi anaingia, kaka. Naye tumwite fundi?"

Nikacheka. Mpumbavu hucheka.

Jumanne ile programu ikaniuliza mashahidi. Mashahidi! Nimemfumba mama macho kwa mikono yangu, halafu mashine itake wa kunithibitishia? Balozi wa nyumba kumi alikuwa njiani kuja kushuhudia. Sikumngoja. Niliandika mstari mmoja kutoka nje, nikaifikia hali ya mama, nikaweka marehemu. Ikakubali kimya. Nikajisifu, mama hata hajapoa!

Ile amri sikuwahi kuisoma hadi mwisho. Kumbe ndiyo pia inayowapelekea wanachama ujumbe: nani achimbe kaburi, nani alete ndizi, nani maziwa. Kwetu siku hizi hakuna anayezunguka nyumba kwa nyumba. Watu wanangoja ujumbe.

Alhamisi uwanja bado mtupu, nikawatukana moyoni. Wachoyo! Wasahaulifu! Wajomba zangu wawili, wazee, ndio waliochimba kaburi.

Ijumaa jioni Neema akaja analia. "Kaka, mbona msiba wa mama nimeusikia kwa watu baki?" Akafungua kompyuta, akajaribu kutangaza. Programu ikakataa: huyu ni marehemu tayari. Akanigeukia.

"Umepita wapi?"

Nikamwonyesha ule mstari. Akaifunga kompyuta.

Ninyi mnaojiita mafundi kwa kuchokonoa vilivyofungwa, nawadharau kama ninavyojidharau. Aliyefunga alijua jambo msilolijua. Mwulizeni kwanza!

Jumamosi akaja Mama Anaeli, rafiki wa mama na mwanachama mwenzake, kutoka Ngaramtoni, na kibuyu mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Mwite mama yako, mwambie nimemletea maziwa yake ya mgando."

Nikamshika mkono, nikampeleka nyuma ya migomba. Alipouona udongo mbichi, akakiweka kibuyu chini.