Sifuri Niliyoiandika Malaba

Siku yangu ya kwanza kazini kwenye forodha ya mpakani Malaba nilipewa vitu viwili: ufito wa mita mbili na onyo. Bwana Msimamizi wa Kituo, mtu wa maneno machache na suruali iliyopigwa pasi hadi ikang'aa, aliniambia kuni si mzigo wa kukadiriwa kwa macho. Kuni hupimwa. Nyinyi vijana mnaobonyeza simu mkapata jibu, nivumilieni kidogo niwaeleze tulivyofanya.

Lori la kuni likiingia kutoka Uganda, nilipanda juu nikapima urefu, upana na kimo cha rundo. Kisha nilitoa hewa, yaani nilipunguza nafasi zilizobaki kati ya gogo na gogo, maana nchi hainunui hewa. Halafu niligonganisha vipande viwili. Mkwaju mkavu hulia kama chuma, mti laini hutoa mlio butu. Ndivyo nilivyojua niandike kwenye safu gani.

Miaka ile karatasi zilijaa. Nilihamishiwa Busia chini ya Bibi Mkaguzi, aliyenifanya nipime lori moja mara tatu, nikamchukia, baadaye nikamshukuru. Niliporudishwa Malaba malori ya kuni yalikuwa yamepungua, na mwishowe yakakoma, kwa kuwa ng'ambo ya mpaka, Uganda, walianza kudai vibali. Kuni zenyewe hazikukoma. Ziliingia kwa baiskeli, kwa vijia vya mashambani. Kanuni yetu ilisema mzigo wa baiskeli ni wa matumizi ya nyumbani, kwa hiyo hauandikwi. Nyumbani gani, wakati kila hoteli ya mjini ilipikia kuni hizo?

Mama yangu mzazi naye alikuwa na kibanda cha maharagwe karibu na stendi. Hakutaka kuni nyingine ila mkwaju wa ng'ambo, na kibanda hicho ndicho kilichonisomesha.

Nilishindwa kutulia. Wiki nzima nilikaa kwenye kijia kimoja nikihesabu baiskeli tangu asubuhi hadi jioni. Haba na haba hujaza kibaba: kuni zile zilizidi za malori ya enzi zetu. Nikampelekea Msimamizi mpya karatasi yangu, nimejaa fahari. Akaisoma mara mbili, akaenda kufunga mlango.

"Madam, hii ni kazi mzuri," alisema. "Lakini ikifika Nairobi, kesho wataweka polisi kwa hiyo njia. Na nani atafunga kibanda wa kwanza? Si ni mama yako?"

Hakunilazimisha. Ningependa sana kuwaambia kwamba alinilazimisha. Nilirudi mezani, na kwenye safu ya kuni za miti migumu nikaandika sifuri. Jioni nilipita kibandani nikamwachia mama ile karatasi ya baiskeli, naye akaitumia kuwasha moto, bila kujua ni karatasi gani. Mwezi uliofuata niliandika sifuri tena, na hivyo hivyo mpaka nikastaafu.

Sasa niko nyumbani kijijini Moding, na watu hunitakia mapumziko mema. Mapumziko gani? Naanza kupalilia, naacha jembe katikati ya mstari, naingia ndani, natoka tena. Mama alishafariki na kibanda kikabomolewa, kwa hiyo sina tena wa kumkinga. Mwaka huu nilivuka ng'ambo kumzika shangazi yangu, nikatembea kutoka barabarani hadi kwake bila kuona mkwaju hata mmoja. Niliona haya kuwatazama wenyeji machoni.

Majuzi kulikuwa na mkutano hapa jirani, Kocholia. Afisa kijana wa misitu alituonyesha mchoro wa kuni za miti migumu zilizoingia nchini tangu zamani, mstari ukishuka mpaka ukalala chini kabisa. Akasema tujipongeze, tumeacha kuchoma miti ya jirani. Watu wakapiga makofi. Mimi nikasimama.

"Hiyo sifuri niliandika mimi," nilisema. "Si ya ukweli. Kuni zilikuwa zinapita kwa baiskeli, na mimi nilizihesabu."

Yule afisa hakunicheka. Alifungua daftari lake, akatoa kalamu, akaniuliza kwa heshima, "Sawa, mama. Zilikuwa baiskeli ngapi?"

Ukumbi mzima ulinigeukia. Hesabu haikuja: ilikuwa kwenye ile karatasi tu, ile mama aliyowashia moto.